Dale ya etaji inabeba kilo ngapi? Historia ya uzito ulio juu ya vichwa vyetu

Hapa Naviundu, kama katika kartie nyingine za komini Annexe, nyumba zimeanza kupanda juu. Zamani mwenye parseli alijenga nyumba ya chini, akaweka mabati, akamshukuru Mungu. Leo mwenye uwezo anamwaga dale ya betoni. Asiye na uwezo bado anaacha feri za nguzo zimechomoza juu ya ukuta, zikingoja pesa za kesho. Dale ikikauka tunaipandishia tanki la maji, mifuko ya unga, jenereta na wapangaji. Siku ya ndoa au ya kilio tunaijaza watu. Lakini kuna swali ambalo wachache wanamuuliza masoni kabla ya kumlipa: dale hii inabeba kilo ngapi?

Kila sakafu iliyo juu ya hewa ina hesabu yake, hata kama aliyeijenga hakuiandika popote. Na ukisoma historia ya sakafu zilizoua watu, utaona jambo moja linarudi: nyingi hazikuanguka siku zilipojengwa. Zilisimama miaka, watu wakazizoea, kisha wakazipa kazi nyingine bila kurudi kuuliza ile hesabu ya kwanza. Tutafuata historia hiyo kutoka pwani mpaka kwetu, maana inatuhusu sana.

Tuanze na neno lenyewe. Sakafu ni neno lililotoka katika Kiarabu, saqf, na huko maana yake ni paa. Watu wa pwani walikuwa na sababu ya kulitumia hivyo: katika nyumba ya ghorofa, paa la anayekaa chini ndilo sakafu ya anayekaa juu. Mzigo wa mmoja uko juu ya kichwa cha mwingine.

Katika miji ya mawe ya pwani, kama Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, mafundi walijenga ghorofa karne nyingi kabla ya betoni yenye feri. Walilaza boriti, yaani miti ya mikoko, kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili, moja karibu na nyingine. Juu yake walipanga mawe ya matumbawe, wakamwaga chokaa na kokoto, wakapigapiga mpaka ikashikana. Sakafu ya namna hiyo ni nzito sana yenyewe, kabla mtu hajaikanyaga. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba zile ni virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita 2,50 au 3. Upana huo haukutoka katika mapambo. Ulitoka katika urefu wa boriti. Hata nchi za Ghuba, zilizonunua boriti hizo kutoka Rufiji na Lamu, zilijenga vyumba vya upana huohuo. Fundi hakuwa na karatasi ya hesabu, lakini mti wenyewe ulimwekea mpaka, naye hakuuvuka.

Kwetu Katanga, wazee wa vijiji walijua pia sakafu iliyoinuliwa, lakini ya ghala la mavuno, si ya kulalia. Ghala lilisimama juu ya miti ili panya na unyevu visifikie nafaka. Mkulima alijua kwamba ghala tupu na ghala lililojaa ni vitu viwili tofauti. Kwa hiyo alisimamisha miti mingi, karibukaribu. Binadamu mwenyewe alilala chini, juu ya udongo uliopigwa, na udongo haumuulizi mtu ana kilo ngapi.

Kisha mji ukaja. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 kiwanda cha Lubumbashi kikaanza kuyeyusha shaba. Mji ulihitaji nyumba haraka, na udongo mzuri wa matofari ulikuwa tayari: vichuguu vikubwa vya mchwa vinavyojaa nchi hii. Mpaka leo wachomaji wa matofari wanavichimba. Nyumba nyingi za wafanyakazi katika kambi zilikuwa za chini. Miaka ya 1950, Office des Cités Africaines, iliyoundwa mwaka 1952, ilipojenga cité ya Ruashi, nyumba nyingi zilikuwa za chini vilevile. Majengo ya etaji yalikuwa hasa katikati ya mji, na hesabu zake zilifanywa na mainjenieri wa makampuni na wa serikali ya kikoloni.

Hili si jambo dogo. Maana yake ni kwamba kwa muda mrefu masoni wa Lubumbashi walikuwa mabingwa wa ukuta, lakini hesabu ya sakafu ya juu ilibaki katika ofisi ambazo wao hawakuingia. Mtoto aliyejifunza kazi kwa baba yake alijifunza kunyoosha ukuta kwa kamba, kuchanganya mchanga na simenti, kupiga lipu. Hakuona ile karatasi iliyosema feri ngapi, unene gani, kilo ngapi. Leo huyohuyo tunamwita kumwaga dale.

Karatasi hiyo ilitoka wapi? Mwaka 1638, Galileo, mtaalamu wa Italia, alichapisha kitabu huko Leiden, Uholanzi, ambamo alitafuta kujua kwa nini boriti inavunjika. Hakupata yote sawasawa, lakini jambo moja alilipata, na seremala yeyote anaweza kulijaribu: ubao uliosimamishwa kwa ubavu unabeba zaidi kuliko ubao uleule uliolazwa. Ukizidisha kimo cha boriti mara 2, nguvu yake inakuwa mara 4. Upande mwingine wa hesabu ni mbaya kwetu: ukipanua chumba kutoka mita 3 mpaka mita 6 bila kubadili dale, uzito uleule kwa kila mita mraba unaikunja dale kwa nguvu mara 4. Anayevunja ukuta wa katikati ili apate salon kubwa chini ya dale, anafanya hivyo bila kujua.

Hatua ya pili ilikuja na betoni yenye feri. Betoni ni hodari ukiibana, lakini ni dhaifu ukiivuta. Feri inavumilia kuvutwa. Mwaka 1892, François Hennebique, mjenzi Mfaransa aliyefanya kazi Brussels, aliandikisha njia yake ya kuunganisha nguzo, boriti na dale kuwa mwili mmoja wa betoni na feri. Njia za namna hiyo zilienea Ulaya, kisha zikaingia katika makoloni. Siku zile wajenzi walikuwa na desturi nzuri: kabla ya kukabidhi jengo, walipanga mizigo mizito juu ya sakafu mpya na kupima imelegea kiasi gani. Polepole majaribio yakageuka kuwa kanuni, na kanuni zikageuka kuwa namba.

Mainjenieri wengi wa Kongo wamefundishwa kanuni za Ufaransa. Humo, sakafu ya nyumba ya kukaa inahesabiwa kubeba kilo 150 kwa kila mita mraba. Ofisi ni kilo 250. Ngazi za nyumba pia ni 250. Balkoni ni 350, kwa sababu watu wanapenda kujazana hapo. Duka ni 500. Uzito wa dale yenyewe hauko ndani ya namba hizo. Dale nzima ya sentimeta 15 ina karibu kilo 375 kwa mita mraba. Ukiongeza tabaka la simenti la sentimeta 5 chini ya karo, umeongeza kilo 100 nyingine. Yaani dale ya nyumba inafanya kazi ngumu hata siku ambayo hakuna mtu ndani.

Injenieri anaongeza pia akiba: mzigo wa watu na vitu anauzidisha mara 1,5. Wengine wakisikia hivyo wanafikiri wanaweza kuitumia akiba hiyo. Hapana. Akiba hiyo imewekwa kwa ajili ya mchanga wenye udongo, simenti iliyopunguzwa, feri iliyo nyembamba kuliko ilivyoandikwa, na siku ambayo hatukuitazamia. Mara nyingi masoni na mwenye nyumba wameshaila kabla dale haijakauka.

Sasa tuzilete namba hizo ndani ya parseli zetu.

Mfuko wa simenti una kilo 50. Ukiilaza mifuko 4, inajaza karibu mita mraba moja. Hiyo ni kilo 200 kwa safu moja tu. Kumbe safu moja ya simenti tayari imepita kilo 150 za nyumba ya kukaa. Safu 5 zinafika kilo 1000. Mfanyabiashara anayefanya chumba cha juu kuwa depo ya simenti ameomba dale ya nyumba ifanye kazi ambayo hata dale ya duka haikupewa.

Mfuko wa unga wa kilo 25 unaonekana mwepesi kwa sababu mama anaubeba kichwani. Mifuko 3 inajaza mita mraba moja. Panga safu 10, umefika kilo 750.

Maji ni mzigo unaotudanganya kuliko yote. Lita moja ni kilo moja. Kwa kuwa maji ya bomba hayafiki kila nyumba, anayechimba kisima anapandisha tanki juu ili maji yashuke yenyewe. Tanki la lita 1000 lina tani nzima, na linakaa juu ya nafasi ya kama mita mraba moja. Likiwa tupu, vijana wawili wanalinyanyua wakicheka, na picha hiyo ndiyo inabaki katika akili. Dale haiangushwi mara moja na tanki moja, kwa sababu uzito unagawanyika kwenda pembeni. Lakini mahali pana maana: tani moja iliyowekwa katikati ya chumba inaikunja dale mara 2 kuliko tani ileile iliyotandazwa chumba kizima. Tanki likae juu ya ukuta au nguzo, au lipate mnara wake uliosimama juu ya ardhi.

Watu nao ni mzigo. Watu 4 waliosimama katika mita mraba moja ni karibu kilo 280. Chumba cha juu kinachogeuzwa kuwa chumba cha maombi, chenye watu wanaoimba na kuruka pamoja, kimepita kazi ya nyumba ya kukaa. Na kuruka pamoja kunazidisha uzito, maana kila mguu unashuka kwa kishindo kimoja.

Ukuta pia tusiusahau. Mtu anayegawanya vyumba vya juu kwa ajili ya wapangaji, akijenga kwa matofari ya kuchoma ya sentimeta 15 mpaka kimo cha mita 2,80, anaweka karibu kilo 700 kwa kila mita moja ya urefu. Kama chini ya ukuta huo hakuna ukuta mwingine wala boriti, dale inaubeba usiku na mchana.

Mfano wa wazi kuliko yote ulitokea mbali na kwetu, katika mji wa Yerusalemu. Tarehe 24 Mei 2001, watu walikuwa wakicheza ndoa katika ukumbi ulioitwa Versailles, kwenye etaji ya tatu. Sakafu ikafunguka chini ya miguu yao. Watu 23 walikufa, mamia wakaumia. Wachunguzi walipotazama nyuma, walikuta hatua zinazofanana sana na tunazoziona hapa. Upande mmoja wa jengo ulipangwa kuwa wa etaji mbili. Wakati wa kujenga wakaongeza ya tatu. Kuta za kugawanya vyumba katika etaji ya chini yake, ambazo zilikuwa zimeanza kusaidia kubeba, zilitolewa wiki chache kabla ya ndoa ile. Sakafu ikalegea sentimeta kadhaa. Wenye ukumbi waliona ni kasoro ya sura tu, wakajaza bonde kwa tabaka jingine ili pawe sawa. Yaani sakafu ililalamika kwamba imechoka, nao wakaiongezea mzigo.

Ni mara ngapi masoni ameitwa katika mji wetu kuja kujaza mahali ambapo maji ya mvua yanasimama juu ya dale? Kama dale ilimwagwa vibaya tangu mwanzo, ni kasoro ya sura. Kama ilikuwa sawa na sasa imefanya tumbo, ni onyo, na dawa yake si simenti zaidi.

Miaka 12 baadaye, tarehe 24 Aprili 2013, Rana Plaza, jengo la etaji 8 karibu na Dhaka, Bangladesh, lilianguka na kuua watu 1134. Etaji za juu zilikuwa na viwanda vya nguo, mashine na jenereta kubwa katika jengo ambalo halikutengenezwa kwa kazi ya kiwanda. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini waliondoa watu wao. Wafanyakazi wa nguo waliambiwa warudi kazini.

Karibu na kwetu kuna Huruma, Nairobi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa iliponyesha, nyumba ya wapangaji ya etaji kadhaa iliyojengwa kando ya mto ilianguka, na watu wapatao 50 wakafa. Sisi tunaoishi katika kartie yenye jina la mto tuusikilize mfano huo. Dale inapeleka uzito kwa ukuta na nguzo, nguzo zinaupeleka kwa fondasio, na fondasio inaupeleka kwa udongo. Udongo wa mfinyanzi wa kiangazi na udongo huohuo wa mwezi wa Februari si kitu kimoja. Fondasio iliyochimbwa kwa nyumba ya mabati haikuambiwa kwamba siku moja itapandishiwa etaji. Zile feri zilizochomoza juu ya ukuta zinaahidi kitu ambacho fondasio pengine haiwezi kutimiza.

Kuna kosa moja zaidi ambalo halionekani baada ya betoni kumwagwa. Dale iliyolala kati ya kuta mbili inavutwa tumboni, kwa hiyo feri zake kubwa zinakaa chini. Balkoni, iliyoshikwa upande mmoja tu, inavutwa mgongoni, kwa hiyo feri zake zinakaa juu. Masoni asiyejua hilo anaziweka chini kote. Hata anayejua anaweza kuziweka juu vizuri, kisha wabeba karai wakazikanyaga wakati wa kumwaga mpaka zikashuka. Balkoni hiyo itapendeza, na itasimama mpaka siku watu 10 watakapotoka pamoja kutazama arusi ikipita.

Je, sheria inasema nini? Tarehe 30 Julai 1888, kabla mji huu haujakuwapo, dekreti ya Dola Huru ya Kongo juu ya mikataba na madeni iliandika kwamba mwenye jengo anajibu kwa hasara inayoletwa na kuanguka kwake, kama limeanguka kwa kukosa kutunzwa au kwa ubaya wa kujengwa. Maneno hayo bado yako katika sheria zetu za kiraia. Masoni anaweza kuondoka, simu yake ikanyamaza. Mwenye nyumba anabaki mbele ya jaji. Kisha dekreti juu ya urbanismu ya tarehe 20 Juni 1957 iliweka msingi wa kupanga miji. Ruhusa ya kujenga wengi wetu tunaiona kama njia nyingine ya kutozwa pesa. Lakini kazi yake ya kwanza ni kwamba mtu mwingine mwenye ujuzi aitazame ile karatasi ya hesabu kabla feri hazijafunikwa.

Wakaaji wa Naviundu wanaweza kufanya nini bila kungoja Leta?

Kwa anayejenga: mlipe injenieri kabla ya kumlipa masoni, na mwambie ukweli wote. Sema kutakuwa na tanki, sema unataka kuongeza etaji, sema chumba cha mbele kitakuwa duka. Kuongeza feri kabla ya kumwaga ni pesa kidogo. Baada ya kumwaga ni kubomoa. Kabla ya kumwaga, piga picha za feri zote, kwa kipimo cha mita kikionekana.

Kwa anayekaa katika nyumba iliyokwisha kujengwa: tazama nyufa chini ya dale katikati ya chumba, na juu ya balkoni pale inaposhikana na nyumba. Tazama milango ya chini iliyoanza kugoma kufunga. Tazama alama nyekundu za kutu. Weka alama ya kalamu na tarehe mwisho wa ufa. Ukipita alama hiyo, ufa unatembea. Ukiogopa usiku, jambo la kwanza ni kutoa watu, wa juu na wa chini. Kama robine ya tanki inafikika bila kusimama juu ya dale wala chini yake, ifungue. Tanki la lita 2000 likimwagwa limeondoa tani 2 bila kubomoa kitu. Kisha mwite mtaalamu aje kusimamisha miti ya kushikilia.

Na kwa anayenunua au kurithi: pamoja na karatasi za parseli, omba karatasi ya dale. Iwe na mambo manne tu: mwaka ilipomwagwa, unene wake, feri zilizowekwa, na kilo ilizohesabiwa kubeba kwa mita mraba. Kama karatasi hiyo haipo, chukua dale hiyo kuwa ya nyumba ya kukaa, si zaidi. Weka juu yake vitanda, viti na watoto, na acha simenti ilale chini, juu ya udongo.